Habari za Beppo Levi na Nukta Zirudizo Nyumbani

Mwezi wa Aprili mwaka 1908 wataalamu wa hesabu wa mataifa mengi walikusanyika katika mji wa Roma kwa mkutano wao mkuu. Miongoni mwao alikuwapo mwalimu mmoja aliyetoka Cagliari, mji wa kisiwa cha Sardinia. Jina lake Beppo Levi, umri wake miaka 32. Alisimama mbele ya wenziwe akasoma maneno juu ya jambo lililoonekana dogo sana, nalo ni hili: nukta fulani za mstari uliopinda zikipigiwa hatua, moja baada ya moja, huenda zikarudi pale zilipoanzia, je, zaweza kurudi baada ya hatua ngapi? Naye akataja jibu. Maneno yale yalichapwa pamoja na mengine ya mkutano, kisha yakalala. Yalilala miaka mingi hata watu wakayasahau, wakalitafuta upya jibu lile lile kana kwamba hapana aliyepata kulisema.

Wengi wetu tuliofundishwa hesabu shuleni tulifikiri kwamba elimu hiyo ilikwisha kuwa kamili tangu zamani, na ya kwamba kazi ya mtu ni kukariri tu. Habari hii yaonyesha sivyo. Lakini hatuwezi kuisimulia kwa haki kama msomaji hajui nukta hizo zarudije. Basi atuvumilie kidogo, achukue karatasi ya miraba na kalamu. Hakuna humu hesabu inayopita kuzidisha na kutoa, ila inataka utulivu.

Tuanze na saa ya ukutani. Simama penye kumi na mbili, uruke nne nne: utafika nne, kisha nane, kisha kumi na mbili. Umerudi kwa hatua 3. Sasa uruke tano tano: tano, kumi, tatu, nane, moja, sita, kumi na moja, nne, tisa, mbili, saba, na kumi na mbili. Umerudi, lakini kwa hatua 12. Katika saa kila mwendo wa namna hii hurudi, hata ukikawia. Ajabu ya mistari ile ambayo Levi aliichunguza ni kwamba baadhi ya nukta zake hurudi na nyingine hazirudi kamwe.

Mstari wa namna hiyo tutauita mpindo. Piga katika karatasi yako mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, ukatane katikati. Nukta (2, 3) maana yake ni kwenda 2 kulia na 3 juu. Ukienda kushoto au chini, namba zako ni za deni, nasi tutazitilia alama ya kutoa. Sheria ya mpindo wetu wa kwanza ni hii: namba ya juu ikizidishwa kwa yenyewe, iwe sawa na namba ya kulia iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu, kisha ikaongezwa 1. Nukta (2, 3) yaifuata sheria, kwa kuwa 3 × 3 ni 9, na 2 × 2 × 2 ni 8, ukiongeza 1 ni 9.

Nukta mbili za mpindo hujumlishwa hivi. Weka rula ipite katika zote mbili. Itaukata mpindo mahali pa tatu. Nukta hiyo ya tatu uigeuze juu chini, kama mti na sura yake majini: ikiwa juu, ishuke, ikiwa chini, ipande. Hapo unapofika ndipo jumla yake. Na ukitaka kuijumlisha nukta moja na yenyewe, iegemeze rula hata iuguse mpindo pale pale penye nukta, kisha utazame inapoukata mahali pengine. Ikitokea rula imesimama wima na mahali pa tatu hapaonekani katika karatasi, husemwa kwamba jumla iko mbali mno, mahali ambapo mistari yote ya wima hukutana, kama vile reli mbili zinavyoonekana kukutana mbele ya macho. Mahali hapo sisi tutapaita nyumbani.

Basi tutoke nyumbani. Hatua ya kwanza tuko (2, 3). Egemeza rula hapo: itaukata mpindo penye (0, -1). Igeuze, upate (0, 1). Hiyo ni hatua ya pili. Rula ikipita (2, 3) na (0, 1) itafika (-1, 0), ambayo iko juu ya mstari wa kulala, hata kuigeuza hakuibadili. Hatua ya tatu. Rula ikipita (2, 3) na (-1, 0) ni ile ile ya hatua iliyotangulia, yakuta (0, 1), nayo ikigeuzwa ni (0, -1). Hatua ya nne. Hatua ya tano utafika (2, -3). Na hatua ya sita rula yasimama wima, nawe umekwisha kufika nyumbani. Nukta (2, 3) hurudi kwa hatua 6, kama saa yenye alama sita.

Sasa badili sheria kidogo tu: badala ya kuongeza 1, toa 2. Nukta (3, 5) imo katika mpindo huo mpya, maana 5 × 5 ni 25, na 3 × 3 × 3 ni 27, ukitoa 2 ni 25. Piga hatua ya pili, utaona umefika mahali ambapo namba ya kulia ni 129 juu ya 100, na ya juu ni deni la 383 juu ya 1000. Hatua ya tatu namba ya kulia ni 164323 juu ya 29241. Kila hatua namba zafura, wala nukta hii hairudi nyumbani milele. Twajuaje? Kwa sababu Trygve Nagell, Mnorwei, mwaka 1935, na Élisabeth Lutz, mwanamke Mfaransa, mwaka 1937, walithibitisha kwamba katika mipindo ya sheria kama hizi, ambazo namba zake ni nzima, nukta irudiyo nyumbani hukaa siku zote penye namba nzima. Mara tu uonapo namba iliyokatika vipande, basi, hapana kurudi. Wataalamu huziita nukta zirudizo kwa neno lenye maana ya kusokotwa, kama kamba, lakini sisi neno la kurudi latutosha.

Watu walizitafuta nukta za mipindo hii tangu zamani. Diophantus wa Alexandria aliuliza maswali ya namna hii katika vitabu vyake vya Kiyunani. Mfaransa Bachet alivichapa vitabu hivyo pamoja na tafsiri ya Kilatini mwaka 1621, na Fermat, hakimu wa Toulouse, aliyependa hesabu kuliko wengi waliolipwa kwa kazi hiyo, akaandika pembeni mwa kurasa zake. Fermat alijua njia ya kushuka: kwamba ukidhani liko jibu, hulazimika kuwapo jibu jingine lililo dogo zaidi, na jingine dogo tena, bila kikomo, na kwa kuwa namba nzima haziwezi kushuka bila kikomo, basi lile jibu la kwanza halikuwapo. Mwaka 1901 Poincaré alizitazama nukta hizi na hatua zake kwa pamoja. Hapo ndipo Levi alipoingia.

Levi alizaliwa Torino mwaka 1875 katika nyumba ya Kiyahudi yenye watoto kumi. Tangu mwaka 1906 mpaka 1908 aliandika juu ya mipindo hii katika majarida ya mji wake wa kuzaliwa. Aliuliza: tukitaka namba zote ziwe nzima au vipande vya namba nzima, wala si nyingine, hatua za kurudi nyumbani zaweza kuwa ngapi? Akaona kwamba zaweza kuwa 2, 3, 4, na kuendelea mpaka 10. Tena zaweza kuwa 12. Lakini 11, la. Wala 13, wala zaidi. Sehemu ya maneno haya aliithibitisha kwa njia ya kushuka ya Fermat, na sehemu aliitabiri tu. Yeyote asomaye orodha hiyo hujiuliza moyoni: kumi na moja ina kosa gani?

Sisi tulipoisoma mara ya kwanza tulidhani ni kosa la mpiga chapa. Si kosa. Sababu yake ni nzuri kuliko yote tunayoyajua katika jambo hili, nayo ni hii. Ukiitafuta mipindo yote yenye nukta irudiyo kwa hatua 11, utakuta kwamba kila mmoja wa mipindo hiyo hujiandika kama nukta moja juu ya mpindo mwingine, ulio kama daftari la majina. Mpindo huo wa daftari sheria yake yaweza kuandikwa hivi: namba ya juu ikizidishwa kwa yenyewe na kuongezwa yenyewe, iwe sawa na namba ya kulia mara tatu kwa yenyewe, ukitoa namba hiyo mara mbili kwa yenyewe. Nukta nne zaonekana upesi, hata mtoto atazipata: (0, 0), (0, -1), (1, 0) na (1, -1). Pamoja na nyumbani ni tano. Tena zote tano ni nukta zirudizo, kwa hatua 5. Wala hakuna nyingine! Na majina hayo matano yote ni ya mipindo iliyoharibika, iliyojikata yenyewe au kuvunjika, isiyofaa kuitwa mpindo. Basi daftari limefunguliwa, na ndani yake hakuna jina hata moja la mpindo mzima.

Waliolifungua daftari hilo mwaka 1940 walikuwa wawili, Billing wa Sweden na Kurt Mahler. Mahler alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, akakimbia mwaka 1933. Alipokewa Manchester na Louis Mordell, ambaye mwenyewe mwaka 1922 alikuwa amethibitisha kwamba nukta za mpindo wowote wa namna hii, hata zisizorudi, hupatikana zote kutokana na nukta chache za mwanzo. Na katika mwaka ule ule wa 1940 Waingereza walimtia Mahler kambini miezi michache, kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui. Yeye aliyeikimbia nchi hiyo ili asiuawe nayo.

Na Levi je? Ndugu yake Eugenio, naye mtaalamu wa hesabu wa sifa kubwa, aliuawa vitani mwaka 1917. Yeye mwenyewe alifundisha Parma, kisha tangu 1928 Bologna. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria dhidi ya Wayahudi, na walimu wa Kiyahudi wote wakaondolewa katika shule na vyuo. Levi alikuwa na miaka 63, umri ambao mtu huanza kufikiri kupumzika. Alifunga mizigo yake pamoja na watu wa nyumba yake akavuka bahari mpaka Argentina, katika mji wa Rosario, ambako chuo kilimpa kazi mwaka 1939. Huko alianza upya. Alisimamia shule ya hesabu, akaanzisha jarida mwaka 1941, akaandika kitabu juu ya Euclid kilichotoka 1947. Hakuandika tena juu ya nukta zirudizo. Jina lake lilijulikana kwa watu wa hesabu kwa ajili ya jambo jingine kabisa, la mwaka 1906, ambalo wanafunzi wa vyuo hujifunza hata leo.

Utabiri wake ukakaa hivyo. Nagell aliutoa tena mwaka 1952, na baadaye, katika miaka ya 1970, Andrew Ogg wa Marekani naye akautoa, na watu wakauita kwa jina la Ogg. Hatuoni kwamba hapo palikuwa na wizi wowote. Kurasa za Levi ziliandikwa kwa Kiitalia na kwa namna ya zamani, nao watu wa hesabu husoma mbele zaidi kuliko nyuma.

Hatua 13 zilikuwa ngumu kuliko 11. Daftari la mipindo yake si mpindo wa namna ile tuliyoizoea. Ni mpindo mzito zaidi, ambao nukta zake hazikubali kujumlishwa moja na moja. Ukiweka rula, yaukata mahali pengi mno, wala hujui ushike lipi. Lakini dawa yake ilikuwa imekwisha patikana zaidi ya miaka mia moja nyuma. Niels Henrik Abel, mwana wa kasisi maskini wa Norwei, alipeleka Paris mwaka 1826 maandiko makubwa juu ya kujumlisha nukta za mipindo ya kila namna. Mtaalamu Cauchy aliyapokea, akayaweka mahali, na hayakutazamwa. Abel alirudi kwao, akafa kwa kifua kikuu tarehe 6 Aprili 1829, naye ana miaka 26. Maandiko yake yalichapwa Paris mwaka 1841. Carl Jacobi, Mjerumani aliyefundisha Königsberg, ndiye aliyetambua katika miaka ya 1830 kwamba kwa mipindo hiyo mizito nukta zaweza kujumlishwa kama zikienda mbili mbili. Nukta moja peke yake hukataa. Jozi yake hukubali. Makao ya jozi hizo yakaitwa kwa jina lake, jakobiani.

Kwa njia hiyo Barry Mazur na John Tate, mwaka 1973, walizihesabu nukta za jakobiani ya daftari la 13, zenye namba nzima au vipande vyake. Walikuta 19, na zote ni zenye kurudi nyumbani. Katika hizo hapana iliyoleta jina la mpindo mzima. Basi 13 ikaondolewa. Kisha mwaka 1977 Mazur peke yake akazimaliza namba zote zilizosalia kwa pamoja, kwa kitabu kirefu ambacho wataalamu wenyewe hukisoma kwa jasho. Hatua ni 1 mpaka 10, na 12, basi. Na katika mpindo mmoja nukta zirudizo, ukizihesabu zote pamoja na nyumbani, haziwezi kupita 16. Ni orodha ile ile iliyosomwa Roma miaka 69 iliyotangulia. Levi hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki Rosario mwaka 1961, mwenye miaka 86.

Juu ya mipindo mizito yenyewe liko neno jingine ambalo hatupendi kuliacha. Manin, Mrusi, na Mumford, wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa wametabiri kwamba ukiutia mpindo mzito ndani ya jakobiani yake, utapita katika nukta zirudizo chache tu zenye hesabu, ingawa jakobiani ile, ukiruhusu namba za kila aina, imejaa nukta zirudizo zisizohesabika, zimesongamana kama mchanga. Michel Raynaud, Mfaransa, alilithibitisha mwaka 1983. Lakini swali la Levi, ukiliuliza kwa jakobiani badala ya mpindo wa kwanza, halijajibiwa. Hata kwa zile za jozi mbili mbili, zilizo nyepesi kuliko zote, hapana mtu ajuaye hatua za kurudi zaweza kufika ngapi kwa namba nzima na vipande vyake. Zimepatikana nukta zirudizo kwa hatua 70. Kama ziko zipitazo hapo, au kama uko mpaka wowote, bado watu wanatafuta.

Mwaka 1996 wataalamu wawili, Norbert Schappacher na René Schoof, waliandika habari za kurasa zile za Levi, wakaonyesha kwamba orodha iliyoitwa ya Ogg ilikuwa yake tangu 1908. Jina la Levi sasa hutajwa pamoja nayo. Na huko Rosario, ng'ambo ya bahari, taasisi ya hesabu ya chuo kile kilichompokea mzee yule aliyefukuzwa kwao yaitwa mpaka leo Taasisi ya Beppo Levi.